Maji ya Paa na Moto wa Jiko: Wajibu wa Mwenye Nyumba

Katika vijiji vya Kimali, mkoani Simiyu, mvua za kwanza zinapogonga mabati, ndoo na sufuria hupangwa haraka chini ya michirizi ya paa. Vyombo hujaa kwa muda mfupi, kisha maji mengine yote hukimbilia uani, yakachimba msingi wa nyumba na kupotelea mashambani. Miezi michache baadaye, kiangazi kikishika, wanawake na watoto wa nyumba hiyo hiyo huamka alfajiri kwenda kufukua maji katika mchanga wa mto uliokauka, au kusubiri zamu kisimani. Jambo hili limezoeleka hata halionekani tena kuwa jambo. Lakini ni dhahiri kwamba nyumba iliyomwaga maji yake mwezi Desemba ndiyo inayoyatafuta mwezi Septemba.

Aghalabu mazungumzo juu ya maji huishia kwenye miradi mikubwa: visima virefu, mabomba na mabwawa. Miradi hiyo ni ya lazima, na serikali haina budi kuitekeleza. Hata hivyo, kuna sehemu ya kazi ambayo hakuna mradi unaoweza kuifanya, nayo ni ile inayoanzia kwenye paa na koki na kuishia jikoni. Sehemu hiyo ni ya mwenye nyumba, na elimu yake yapasa kutolewa shuleni.

Hesabu ya paa

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kanuni hii ndogo yatosha kumfanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza awe mshauri wa jamaa zake. Ichukuliwe nyumba yenye paa la bati lililofunika eneo la mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Ikiwa mvua ya mwaka ni milimita 600, na tukio la maji kuruka, kuvuja na kukauka likapunguza moja ya tano, paa hilo litatoa 48 × 600 × 0.8, yaani lita 23,040.

Jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikiwa, huhitaji lita 30 kwa siku. Kwa siku 150 za kiangazi, mahitaji hayo ni lita 4,500. Basi tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa masika laweza kuivusha jamaa hiyo mpaka mvua nyingine, maadamu maji hayo hayatumiwi kufulia wala kunyweshea mifugo. Wasukuma wamezoea tangu zamani kukausha viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa, ili mavuno ya msimu mmoja yalishe miezi ya upungufu. Hekima hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa katika maji.

Floraidi haionekani kwa macho

Iko sababu nyingine ya kuyathamini maji ya paa, nayo ni nzito kuliko uchovu wa kuchota. Maji ya chini ya ardhi katika baadhi ya sehemu za Simiyu, hususan Meatu, na katika mikoa ya Shinyanga, Singida, Arusha na Kilimanjaro, yana floraidi nyingi. Madini haya hutoka katika miamba ambamo maji hukaa. Kwa kiasi kidogo huyasaidia meno. Yakizidi, huyatia meno ya mtoto madoa ya kahawia na vishimo, na yakiendelea kuingia mwilini kwa miaka mingi huathiri mifupa, viungo vikakakamaa na mgongo ukapinda. Meno yaliyokwisha haribika hivyo hayarudi kuwa kama yalivyokuwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, kwa kuzingatia uchache wa maji, iliruhusu mwaka 1974 kikomo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikomo kilishushwa, na sasa kiwango cha taifa ni miligramu 1.5. Lakini kubadilisha namba katika kitabu cha viwango hakubadilishi maji yaliyomo kisimani. Kuyachemsha hakusaidii pia: vijidudu hufa, bali floraidi hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi katika kila lita huzidi. Macho na ulimi havina habari ya kutoa. Kinachotakiwa ni kipimo cha maabara, na Wizara ya Maji inazo maabara za kupima ubora wa maji.

Njia moja ya kuiondoa floraidi ni kuyapitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi hiyo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Lakini kwa nyumba ya kawaida, dawa iliyo karibu zaidi iko juu ya kichwa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi kabisa. Kwa hiyo yafaa kila nyumba iyatenge maji yake: ya paa kwa kunywa na kupikia, ya kisima kwa kuoga, kufulia na mifugo. Wakati wa upungufu, wa kwanza kupewa maji ya paa wawe watoto walio chini ya miaka 8, kwa kuwa huo ndio umri ambao ngozi ngumu ya meno ya kudumu hujengwa. Na ikilazimu kuchanganya, hesabu ni nyepesi: ndoo moja ya kisima yenye miligramu 4 kwa lita ikichanganywa na ndoo tatu za mvua hutoa mchanganyiko wenye miligramu 1 hivi. Kemia ya namna hii mwanafunzi haisahau.

Tangi bila matunzo ni hasara

Wako wanaosema kwamba maji ya paa ni machafu. Usemi huo una ukweli, lakini kosa ni la mtunzaji, si la mvua. Paa la kiangazi limejaa vumbi, majani na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza ndiyo inayoliosha, na maji yake hayapaswi kuingia katika tangi. Kwa paa la mita 48 za mraba, milimita ya kwanza ni lita 48. Basi bomba la pembeni au pipa dogo la kupokea kiasi hicho, ambalo humwagwa baada ya kila mvua, huondoa sehemu kubwa ya uchafu.

Mifereji ya paa, ambayo mafundi huiita gata, ifagiliwe kabla ya msimu na iwe na mteremko wa sentimita moja hivi kwa kila mita, ili maji yasituame. Mdomo wa tangi na bomba la kumwagia maji ya ziada vifungwe wavu mwembamba, kwa maana tangi lililo wazi huzaa mbu, wakiwemo wale waenezao homa ya dengi. Kifuniko kiwe imara na kifungwe kwa kufuli, mtoto asije akatumbukia. Maji yachotwe kwa koki, si kwa kikombe kilichotoka mikononi mwa watu. Kitako cha tangi kiwe cha zege au mawe yaliyoshindiliwa, kwa sababu lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na ardhi ya mbuga ya Usukuma huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Tangi likisafishwa, mtu asiingie ndani peke yake bila mwenzake nje wa kumwangalia. Hata baada ya matunzo haya, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Funzo la pampu za mkono

Historia ya eneo hili inatoa onyo la wazi. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kwamba katika miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji umbali usiozidi mita 400. Kuanzia 1974, kwa msaada wa Uholanzi, mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono vilijengwa katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi na Meatu za leo. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini mahali pengi nchini pampu zilinyamaza mapema, si kwa kukauka kwa maji, bali kwa kuchakaa kipande cha mpira au kulegea kwa nati. Pampu ilionekana kuwa mali ya serikali, na mali ya serikali ilisubiri fundi wa serikali. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri jambo hilo ilipowakabidhi watumiaji wenyewe umiliki na matunzo.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika Mkoa wa Simiyu. Bomba la ziwa ni neema kwa kila kijiji kitakachofikiwa. Lakini bomba likiingia uani, tabia ya zamani yaweza kuingia nalo. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 4 na zaidi kwa siku, yaani zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka; na mara nyingi ugonjwa wake ni kipira kidogo kilichochakaa, ambacho mwanafunzi mwenye spana aweza kukibadilisha baada ya kufunga koki kuu. Mpira wa maji ulioachwa umezama katika ndoo chafu waweza kuunyonya uchafu huo mpaka ndani ya bomba pale maji yanapokatika na msukumo kushuka. Haya si mambo ya mainjinia peke yao.

Moto uliofungiwa ndani

Kama maji yanavyohitaji kufunikwa, moto unahitaji kufunguliwa. Usiku wa mvua au wa baridi ya Juni, jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na matambara yakazibwa dirishani. Mkaa ulioiva hautoi moshi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa salama. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Katika karne ya 19 Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwamba gesi hii hushika damu mahali pa oksijeni. Nayo huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha hulala usingizi asiouamkia.

Jiko la mkaa lisilalwe nalo chumba kimoja, hata likiwa limefunikwa majivu. Aliyezidiwa atolewe mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali. Maziwa hayaiondoi gesi hiyo katika damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania, katika mkakati wake wa 2024 hadi 2034, imekusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nishati safi nayo ina masharti yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni; uvujaji wake hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na hita ya kuchovya katika ndoo ya maji izimwe na kuchomolewa kwanza, kabla ya mkono kugusa maji.

Kazi ya shule

Itasemwa kwamba tangi ni ghali na kwamba nyumba nyingi bado zimeezekwa kwa nyasi. Ni kweli. Lakini karibu kila shule ina bati. Madarasa mawili yenye mita za mraba 126 hutoa, kwa hesabu ile ile, lita 60,000 na zaidi kwa mwaka. Gata na tangi la shule laweza kuwa maabara ambayo haikosi vifaa: fizikia ya msukumo, kemia ya floraidi, baiolojia ya mbu na hisabati ya ujazo, yote katika uwanja mmoja. Azma ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa kwamba maarifa ya darasani yatumikie maisha ya kijiji, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilithibitisha, kupitia redio na vikundi vya kujifunza, kwamba wananchi wakieleweshwa sababu huchukua jembe wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi anayemaliza mada ya gesi bila kulitaja jiko la mkaa, au mada ya ujazo bila kulipima paa la darasa lake, ameacha nusu ya somo. Mvua hazimsubiri aliyechelewa. Kabla hazijaanza, kila mwanafunzi apewe zoezi moja la nyumbani: alipime paa, aikague koki, aangalie hewa ya chumba anacholala inapitia wapi, kisha awaelezee wazazi alichokiona.