“Vumilia kwa ajili ya watoto”: ushauri wa kufikiriwa upya

Ukiwa mama mkimbizi unayeishi Katwe, Nsambya, Kisenyi au Masajja, huenda umewahi kuambiwa na jirani, shangazi au mchungaji: “Vumilia, mama. Fikiria watoto.” Ukiwa baba, huenda umeambiwa: “Ya nyumbani yabaki nyumbani.” Wanaosema hivyo mara nyingi wana nia njema. Wanajua jinsi Kampala ilivyo ngumu kwa mzazi aliye peke yake.

Lakini ndani ya ushauri huo kuna imani inayostahili kuchunguzwa: kwamba ugomvi wa mume na mke ni wa watu wawili, na kwamba mradi ndoa inasimama, watoto wako salama. Yanayojulikana leo kuhusu ukuaji wa mtoto, pamoja na yaliyopimwa hapa hapa Kampala, yanaonyesha vingine. Jinsi wazazi wanavyoishi wao kwa wao ni sehemu ya malezi, sawa na chakula na shule.

Pazia halizuii sauti

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na zaidi ya 100,000 kati yao wameandikishwa Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi. Ila anayechagua mji anatarajiwa kujitegemea, kwa sababu kiwanja na mgao wa chakula hutolewa makazini, kama Nakivale au Kyangwali. Mjini kila kitu ni pesa: kodi ya nyumba, maji, mkaa, karo, nauli ya bodaboda kwenda hospitali.

Ndiyo maana familia nyingi zinaishi katika muzigo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kuna kitanda cha wazazi, upande wa pili godoro la watoto. Baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwezi Januari na Februari 2025, baadhi ya familia zilipokea ndugu, na chumba kile kile kikabeba watu zaidi. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna ugomvi wa siri. Wazazi wakidhani watoto wamelala, mara nyingi watoto wamefumba macho tu.

Pesa, umbali na lugha

Ugomvi wenyewe huanzia wapi? Katika familia za wakimbizi wa mjini, mambo matatu hujirudia.

La kwanza ni kazi. Mama anapata mtaji mdogo, anatembeza vitenge au shanga, jioni anarudi na chochote. Baba aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara kule Kivu anakuta vyeti vyake havimsaidii, na Kiingereza na Kiganda hajui. Anabaki nyumbani, na hakuna anayemwambia kwamba kukaa na watoto nako ni kazi. Aibu isiyosemwa hugeuka hasira. Mama naye anarudi amechoka, anakuta sufuria tupu, na neno dogo linawasha moto. Hapa tuseme wazi: umaskini unaongeza mvutano, lakini haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Wako wanaume wengi waliopoteza kila kitu ambao hawajawahi kumwinulia mke mkono.

La pili ni umbali. Baadhi ya familia hugawanyika: mzazi mmoja anabaki makazini ili mgao usipotee, mwingine anatafuta kazi Kampala. Na mgao wenyewe umepungua. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Sasa mazungumzo ya ndoa yote yako kwenye simu, na yote ni ya pesa: umetuma, hujatuma, umezipeleka wapi. Mtoto anakua akimjua baba kama sauti inayogombana na mama.

La tatu ni lugha. Watoto hujifunza Kiganda na Kiingereza upesi kuliko wazazi wao. Hospitalini, shuleni na kwa mwenye nyumba, wao ndio wakalimani. Kutoka hapo si mbali kufika kumtumia mtoto kati ya mume na mke walionuniana: “Mwambie baba yako…”, “Muulize mama yako…”. Mtoto wa miaka tisa anabeba maneno ya watu wazima wawili, na anaanza kuamini kwamba amani ya nyumba inamtegemea yeye.

Kinachotokea kwa mtoto

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na washirika wao walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo. Unataja mambo matano ambayo kila mtoto anayahitaji: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemsikiliza na kumjibu. Nyumba yenye vita hupunguza yote matano. Mama aliyepigwa usiku hana nguvu za kucheza na mtoto asubuhi. Baba aliyejaa hasira hasikii swali analoulizwa. Pesa ya karo inakwenda kwenye pombe, au inafichwa kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake.

Mtoto anayeishi na hofu, mwili wake hukaa macho muda wote, kana kwamba hatari iko mlangoni. Akili haibaki na nafasi ya kutulia na kujifunza. Hata mtoto mchanga asiyejua maneno hushtushwa na sauti ya hasira. Wa miaka mitatu au minne anaweza kurudia kukojoa kitandani, au kumng’ang’ania mama asimwache hata dakika moja. Wa shule ya msingi analalamika tumbo linauma, anashuka darasani, au anapiga wenzake. Kijana anakwepa nyumbani. Kwa mtoto aliyekwisha kusikia risasi huko alikotoka, mlango unaobamizwa kwa nguvu unaweza kumrudisha vitani.

Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine pia, kwa hiyo usikimbilie kujihukumu wala kumhukumu jirani. Tena, kutofautiana peke yake hakumwumizi mtoto. Hakuna ndoa isiyo na ubishi, na mtoto anayeona wazazi wakibishana bila matusi, kisha wakapatana, anajifunza jinsi ya kumaliza jambo. Kinachomwumiza ni ugomvi mkali, wa mara kwa mara, usio na mwisho, na zaidi ya yote ni kipigo.

Wenyeji nao wanayajua haya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Uganda uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 juu ya utoto wao. Asilimia 59 ya wanawake na asilimia 68 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa mwili walipokuwa watoto. Mkimbizi na Mganda wanaopanga kwenye ua mmoja wana tatizo moja.

Kampala ilishajaribu

Habari njema ni kwamba jambo hili linaweza kubadilika, na ushahidi hatuhitaji kuutafuta ng’ambo. Shirika la Raising Voices la hapa Kampala lilibuni mpango wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na kuupa jina la Kiswahili: SASA! Mpango huo uliendeshwa na CEDOVIP katika mitaa ya divisheni za Rubaga na Makindye, mitaa ambayo wakimbizi wengi wanaijua. Watu wa kawaida wa mtaani walizungumza na majirani zao, kwenye kibaraza, sokoni, kwenye vikao, kuhusu swali moja: mtu hutumiaje nguvu aliyo nayo juu ya mwenzake? Polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa nao walihusishwa.

Watafiti walilinganisha mitaa minne iliyopata mpango na minne ambayo haikuupata, kati ya 2007 na 2012. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikadiria kuwa kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa yenye mpango.

Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2015, unatuhusu zaidi. SASA! haikulenga malezi. Hata hivyo, ukatili ulipopungua kati ya wenzi, watoto walioushuhudia nao walipungua. Baadhi ya wazazi walisema walibadilika pia kwa watoto: walianza kuzungumza nao zaidi, na wachache waliacha kabisa kuwachapa. Hakuna aliyekuja kuwafundisha kulea. Walijifunza kuheshimiana, na heshima hiyo ikawafikia watoto.

Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina mpango wa malezi uliojaribiwa kwanza Wakiso, ambamo akina baba na akina mama hukutana kwanza kila kundi peke yake, kisha pamoja. Uhusiano wa wenzi ni mojawapo ya mada zake. Sisi wa mashirika tuna la kujifunza hapo. Mara nyingi huduma za wanawake ziko kwenye dawati moja na za watoto kwenye dawati jingine, na mama analazimika kusimulia maumivu yale yale mara mbili.

Uvumilivu una mipaka yake

Je, basi tuache kuvumiliana? Hapana. Umaskini, uchovu na foleni za ofisini vinahitaji uvumilivu, na wenzi wanaovibeba pamoja huwapa watoto wao nguvu kubwa. Kipigo, kulazimishwa tendo la ndoa, vitisho na kunyimwa chakula ni mambo mengine. Anayevumilia hayo “kwa ajili ya watoto” hawakingi watoto, kwa kuwa wao ndio wanaosikiliza nyuma ya pazia. Mzazi mmoja mwenye utulivu anaweza kumlea mtoto vizuri kuliko wawili walio vitani.

Kama nyumbani kwenu ni mivutano ya kawaida, anzeni na madogo. Chagueni saa ya kuzungumza pesa, watoto wakiwa nje. Msimtume mtoto ujumbe wa ugomvi. Akiwa alisikia mkigombana, mwambieni kwa maneno mepesi kwamba si kosa lake na kwamba mmepatana. Baba uliye nyumbani, kumwogesha mtoto na kumsikiliza akisoma hakukupunguzii heshima. Mtoto huyo atakukumbuka kwa hayo.

Kama kuna ukatili, sheria iko upande wako. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani inawalinda wote walio nchini, wakimbizi na wenyeji. Unaweza kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi chenye kitengo cha kulinda watoto na familia. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia VVU. Kama unaogopa kwamba kuripoti kutaharibu faili yako, ulizia ofisi ya OPM au mshirika wa UNHCR kabla ya kuamua kunyamaza.

Simu hizi ni za bure:
Sauti 116, kwa jambo lolote linalomhusu mtoto.
0800 323 232, laini ya UNHCR na washirika wake kwa wakimbizi.

Na wewe jirani, siku nyingine ukitaka kusema “vumilia, fikiria watoto”, muulize kwanza: “Watoto wanalalaje usiku?” Jibu litakuonyesha kama ni wakati wa kumtia moyo, au wa kumsindikiza kwenda kutafuta msaada.