Ukitaka kujaribu tovuti yako ya mauzo, anza na TalkBack

Kila siku tunawakumbusha wateja wetu: PIN ni siri yako, usimpe mtu. Sasa fikiria mteja asiyeona amefika kwenye ukurasa wa malipo, na simu inamtamkia tu "kitufe, kitufe, kitufe" bila kusema kipi ni cha kulipa na kipi ni cha kughairi. Atafanyaje? Atampa mtu simu amsaidie, na PIN atamtajia. Kwa maoni yetu, hilo si kosa la mteja. Ni kosa la tovuti.

Programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye simu au kompyuta huitwa kisoma skrini. Ziko kadhaa, na wenye maduka ya mtandaoni hutaka kujua wajaribu tovuti zao kwa ipi. Jibu letu ni rahisi: anza na ile mteja wako anayo mkononi. Hapa Kenya wengi wetu tunatumia simu za Android, na kisoma skrini chake ni TalkBack. Hulipi chochote.

Wapo watakaosema JAWS ndiyo bora kwa kuwa imekuwepo miaka mingi. Ni nzuri, lakini ni ya kompyuta za Windows na leseni yake hulipiwa. Kwenye Windows, sisi tungechagua NVDA. Ni ya bure, na aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni. Baadaye azima iPhone ujaribu VoiceOver, maana ukurasa unaosomeka vizuri kwa programu moja unaweza kukwama kwa nyingine. Lakini usianzie huko.

Jinsi ya kujaribu

Nenda kwenye Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Kabla ya kuiwasha, jua kwanza utaizima vipi, kwa sababu simu itabadilika: ukigusa mara moja inakusomea, ukigusa mara mbili ndipo inafungua. Telezesha kidole kulia kwenda mbele.

Halafu funga macho ununue bidhaa ya bei ya chini kabisa dukani mwako. Sikiliza haya:

- Je, kila kitufe kinataja kazi yake?
- Je, umesikia kiasi cha pesa na jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha?
- Ukikosea namba ya simu, unaambiwa, au ni rangi nyekundu tu inayotokea?
- Je, muda unaisha kabla hujamaliza kusikiliza?
- Je, Kiswahili kinasomwa kwa sauti ya Kiswahili? Lugha ya ukurasa isipotajwa kwenye msimbo, maneno yanaweza kusomwa kama Kiingereza.

Hata ukipita hapo, bado wewe unaona. Mtafute mtu anayetumia kisoma skrini kila siku, mlipe, akujaribie. Atagundua kwa dakika chache mambo ambayo wewe usingeyaona wiki nzima.

Na wewe mteja unayetumia TalkBack: vaa vipokea sauti vya masikioni unapoweka PIN mahali penye watu. Tovuti ikikataa kusomeka, acha malipo hayo na umwambie mwenye duka. Usimtajie mtu PIN ili tu umalize kununua. Pesa ni zako, na una haki ya kuzilipa mwenyewe.