Karasha Nalo Lina Mizani

Washairi wenzangu, lipo neno tulilolifanya shimo la kutupia kila sauti tusiyotaka kuisikiliza. Neno hilo ni “kelele”. Muziki wa kizazi kipya uliitwa kelele. Singeli ingali inaitwa kelele. Sasa nimeisikiliza mara tatu albamu The Adept, aliyoitoa Lord Spikeheart wa Nairobi mwaka 2024, na hukumu inayoisubiri katika baraza letu naijua. Naandika kuipinga kabla haijatamkwa.

Kwa wasiomfahamu, jina lake ni Martin Khanja. Yeye na Sam Karugu ndio walioliunda kundi la Duma, ambalo nalipenda bila kuomba radhi kwa umri wangu. Albamu yao iliyobeba jina la kundi ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lenyewe ni somo la lugha. Mswahili akisikia “duma” humwona mnyama mwenye mbio. Wao walikusudia neno la Kigikuyu lenye maana ya giza. Ukiwasikiliza, unazipata maana zote mbili kwa pamoja, na hakuna malenga aliyekaa akapanga fumbo hilo.

Muziki huu una nasaba na ule uitwao roki ya viwandani. Kundi la Throbbing Gristle la Uingereza lilipoanzisha lebo yake mwaka 1976, liliita Industrial Records, na tangu hapo mlio wa mashine ukaacha kuwa adui wa wimbo, ukawa ala. Sisi wa Buzwagi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha dhahabu hapa mwaka 2009, nao sasa umefungwa. Lakini katika ukanda huu wote, kutoka Kahama hadi Geita, makarasha ya wachimbaji wadogo bado yanasaga mawe, tufe za chuma zikigongana ndani ya pipa linalozunguka. Huo ndio mdundo uliowalea watoto tuliowafundisha. Nionyesheni diwani iliyoubeba. Tumeandika juu ya waridi, ambalo wengi wetu hatujapata kulipanda, na karasha tumelipita tumeziba masikio.

Ajabu ni kwamba darasani tunaifundisha sauti kama hiyo. Tunaiita tanakali za sauti. Tunamtaka mwanafunzi ataje mifano na aeleze jinsi inavyoipa kazi uhai. Anguko la “pu!” ndani ya hadithi tunalipa alama. Kijana akijenga albamu nzima kwa mianguko, mikwaruzo na mipasuko, tunasema hajui sanaa.

Kilichonishika kwanza katika The Adept ni pumzi, wala si ukubwa wa sauti. Mizani tunayoilinda kwa wivu ilitoka wapi kama si kifuani? Ukwapi na utao vimegawanywa na kituo, na kituo ni mahali ambapo mghani hupumua. Khanja anapopiga ukelele, urefu wa mstari wake ni urefu wa pumzi yake. Chini yake ngoma za kompyuta zinakwenda kasi isiyomsubiri, kwa kuwa mashine haina mapafu. Hapo pana mvutano: mtu anashindana na kitu kisichochoka. Aliyewahi kufanya kazi ya zamu penye mashine anaujua mvutano huo mwilini mwake. Anayeuita kelele anamwambia mtu huyo kwamba maisha yake hayana umbo.

Albamu hii ameitunuku kwa bibi mzaa bibi yake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika jeshi la Mau Mau. Alikaa msituni hadi uhuru wa Kenya ulipopatikana mwaka 1963. Nywele za vita alikaa nazo hadi mwaka 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, na mwaka 2023 akafariki dunia. Mtu wa namna hiyo aombolezwe kwa sauti gani? Wapo watakaotaka beti kumi zenye vina vya kati na vya mwisho. Ni heshima nzuri. Lakini ukelele nao ni heshima. Msibani kwetu hakuna anayekagua vina vya kilio.

Lawama ninayo pia, na siifichi. Jina la albamu ni la Kiingereza. Katika ile ya mwaka 2020 mlikuwa na “Angels and Abysses” na “Corners in Nihil”. “Pembe 666” ni kama mgeni aliyepotea njia. Kijana anayelia kwa ajili ya mpigania uhuru anapanga chumba katika nyumba ya lugha ya mkoloni. Hilo linaniuma. Hata hivyo nauliza: nyumba yetu tulimfungulia? Tumekizoesha Kiswahili salamu, hotuba na nasaha, kisha tunashangaa mwenye ghadhabu akienda kwingine.

Msiniambie ghadhabu haiingii katika lugha hii. Abdilatif Abdalla aliitunga gerezani, ikawa Sauti ya Dhiki, mwaka 1973, tena kwa vina na mizani. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa Kichomi bila minyororo hiyo. Wakasimama wanamapokeo wakasema huo si ushairi. Leo tunamfundisha vyuoni. Ina maana kila kizazi lazima kipoteze miaka mingi mlangoni ndipo kikaribishwe?

Tena Kiswahili kimeumbwa kwa kazi hii kuliko Kiingereza. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu ndiyo sauti inayovutika hadi pumzi ikome. Piga ukelele wa neno “damu”, kisha “mgodi”, kisha “haki”: kinywa kinabaki wazi. Konsonanti za Kiingereza hukifunga kinywa kabla hasira haijatoka. Ala hiyo ni yetu, nasi tumeiacha kabatini.

Basi tuandike. Mistari mifupi, yenye irabu pana, juu ya mashimo, zebaki, zamu za usiku na ahadi zilizoondoka na mgodi. Tuwapelekee vijana wenye kompyuta na vipaza sauti, wa Nairobi na wa Kahama, bila kuwadai kwanza waje wajifunze adabu kwetu. Wakiyakataa maneno yetu, tutakuwa tumekataliwa kwa haki. Kwa sasa hatuna hata haki ya kulalamika kwamba wanaimba kwa lugha ya watu.