Vitabu vya Kusoma: Tai wa Jeshi la Tisa

Walimu wawili watatu wameniuliza kama kitabu cha Rosemary Sutcliff kiitwacho The Eagle of the Ninth, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1954, chafaa kusomwa na watoto katika saa ya historia. Nami ni mwalimu, nimekisoma mara mbili, na jibu langu si moto wala si baridi.

Habari zake ni hizi. Zamani Warumi walipoitawala Uingereza, kijana Marcus, akida wa askari, aliumizwa mguu vitani akatolewa jeshini. Baba yake alikuwa amepotea pamoja na Jeshi la Tisa, lililokwenda kaskazini lisirudi. Basi Marcus akajifanya tabibu wa macho, akavuka ukuta wa Hadrian pamoja na Esca, aliyekuwa mtumwa wake, kumtafuta tai wa shaba aliyekuwa heshima ya jeshi lile. Sura za kukimbizwa milimani ni nzuri mno. Lakini kabla ya kufika huko msomaji hukaa sana nyumbani kwa ami yake Marcus akimngoja mgonjwa apone, na mtoto hana subira hiyo.

Je, ni historia? Mwandishi aliunganisha mambo mawili: kutoweka kwa jeshi lile, na tai wa shaba aliyefukuliwa Silchester mwaka 1866. Siku hizi wataalamu husema tai yule alikuwa kipande cha sanamu, wala hakubebwa na jeshi lo lote. Tena huko Nijmegen, Uholanzi, vimeonekana vigae vyenye chapa ya Jeshi la Tisa, dalili ya kuwa baadhi ya askari wake waliwahi kukaa nje ya Uingereza. Mwandishi halaumiwi kwa hayo, maana riwaya ni riwaya. Lakini mwalimu asiyeyataja atakuwa amewafundisha watoto kisa badala ya historia.

Linalonisumbua zaidi ni Esca. Huyu ni mwana wa mkuu wa ukoo katika kabila la Brigantes; jamaa zake waliuawa na Warumi, naye akanunuliwa kwa fedha. Baada ya kurasa chache ampenda bwana wake kama ndugu. Ni kweli kwamba Marcus alimwacha huru kabla ya safari, na jambo hilo limeandikwa kwa adabu. Lakini yote twayaona kwa macho ya Marcus. Ya moyoni mwa Esca ni machache mno. Mwanafunzi mwerevu atauliza: mtu huyu alipofika kaskazini, kwa watu wasiotawaliwa, mbona hakubaki nao? Kitabu chajibu kwa neno moja, urafiki. Mimi jibu hilo halikunitosha, na sidhani litamtosha mtoto aliyesikia habari za utumwa kwa babu yake.

Basi nitakiweka katika kabati la vitabu vya kuazima, wakisome jioni wapendao. Katika saa ya historia nitawasomea sura ya ukuta tu, kisha niwaachie swali la Esca walijadili wenyewe.