Saa za "Idadi Maalumu": Uchache Gani Huu Usiokwisha?



Ndugu zetu, wapo vijana hapa Kamembe wanaoyajua majina ya saa za Uswisi kuliko bei ya mchele sokoni. Wakiona kwenye simu kampuni imetoa saa za "idadi maalumu", hudhani ni adimu kama lulu. Sisi tunasema: si adimu tena, zimezidi mno!

Tutazame Omega. Kuanzia mwaka 1969, baada ya binadamu kutua mwezini, walitengeneza Speedmaster 1,014 za dhahabu, nyingine wakapewa wanaanga wenyewe. Hapo palikuwa na sababu. Lakini baadaye? Mwaka 2012 saa 1,972 za kumbukumbu ya Apollo 17. Mwaka 2015 saa 1,970 za Apollo 13. Mwaka 2017 saa 2,012 za mashabiki, na tena 1,972 za Apollo 17 ileile! Mwaka 2019 saa 6,969 za chuma na 1,014 za dhahabu. Jumlisheni: karibu 16,000, na hatujazitaja zote. Kitu kikiwa maalumu kila mara, umaalumu wake uko wapi?

Ndugu zetu wa Oman wanazijua Rolex zenye nembo ya khanjari, alizokuwa akizitoa zawadi Sultan Qaboos, aliyetawala 1970 hadi 2020. Uchache wake ulitokana na mkono wa mtoaji. Huu wa leo unapangwa na muuzaji, ili mnunuzi akimbilie kulipa kabla hajafikiri. Wahenga walishasema, haraka haraka haina baraka.

Watatujibu: "Lakini zinapanda bei." Kweli, Desemba 2021 Patek Philippe moja ya rangi ya Tiffany, kati ya 170, ilinadiwa New York kwa dola milioni 6.5. Lakini mauzo hayo yalikuwa ya hisani, na saa ile ni moja. Mwenye namba 5,000 kati ya 6,969 asijilinganishe nayo.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu kuuliza: ingekuwa haina namba mgongoni, ningeinunua? Wanaume wetu dhahabu hawavai, na israfu tumekatazwa sote. Saa ya bei nafuu nayo inatosha kutujulisha kuwa Adhuhuri imeingia.

Wabillahi tawfiq.