Usiku Mmoja katika Nyumba ya Mawe



Likizo iliyopita tulialikwa Amu na dada wa marehemu bibi yetu, tukalale usiku mmoja katika nyumba aliyozaliwa. Mwaliko ulikuwa mfupi: "Waleteni watoto wakalale hapa kabla nyumba haijauzwa." Tukapanda basi la Mombasa hadi Mokowe, na alasiri tukavuka kwa mashua.

Mji wa kale wa Amu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba za aina hii ni miongoni mwa sababu zake. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 tu.

Mwanetu mdogo alipouona mlango u wazi alipita mbio hadi ndani. Bibi akamshika mkono, akamrudisha dakani. "Huyu ni mgeni au ni upepo?" akamwuliza. Akamsimamisha pale mpaka akapiga hodi na kutoa salamu, ndipo akakaribishwa kama mtu mzima.

Kisha akatutembeza. Daka lenye mabaraza ndipo mwenye nyumba alipowapokea wanaume wageni. Mlango wa kuingilia umepindishwa, ili mpita njia asione kiwanda. Baada ya kiwanda, kilicho wazi juu, huja misana, mmoja nyuma ya mwingine, na kila hatua ya kuingia sakafu hupanda kidogo na sitara huzidi, mpaka ufike ndani kabisa, penye safu za zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa. Aya ya 27 ya Suratun-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Waliojenga nyumba hii waliizingatia amri hiyo tangu msingini.

Binti yetu alikataa kutia kata katika birika la chooni, kwa kuwa aliona samaki wadogo wakiogelea humo. Bibi akacheka. "Hao ndio walinzi wetu, mwanangu. Hula viluwiluwi, mbu wasizaliwe."

Lakini hatukuona mazuri pekee. Msana wa juu ulikuwa umefungwa, maana boriti mbili zimeliwa na mchwa. Ukuta mmoja ulikuwa umelowa, na chokaa yake ikibanduka kwa vipande. Watoto walipolala, tuliketi na Bibi kiwandani baada ya Isha, tukitarajia atawalaumu wageni wenye fedha wanaonunua nyumba za mji. Hakuwalaumu.

"Baba yetu alipofariki," alisema, "tuliona haya kutaja mirathi. Tukasema nyumba ni yetu sote, tukaiacha. Ndugu zangu nao wakafariki, haki zao zikenda kwa watoto wao. Leo warithi ni 17, wengine hawajapata kuiona. Boriti ikivunjika, kila mmoja hungoja mwenziwe, maana hakuna ajuaye fungu lake. Kitu cha wote kimekuwa si cha mtu. Mnunuzi alipokuja, alitukuta tumekwisha kuiuza kwa kunyamaza."

Tukamwuliza kama anaweza kuzuia mauzo. Akatikisa kichwa. Wamo mayatima miongoni mwa warithi, na fungu lao ni haki ya Mwenyezi Mungu aliyoigawa Mwenyewe. "Siwezi kulilia kuta," akasema, "nikala haki ya yatima."

Tulilala tukiyatafakari maneno hayo, kuta zikitupa ubaridi bila feni, na punda wakilia vichochoroni. Adhana ya Alfajiri ilitukuta macho.

Ndugu zetu, wangapi kati yetu tunaishi katika nyumba za namna hiyo, ziwe za mawe Amu au za mabati Kisauni? Tunadhani kuchelewesha mirathi ni heshima kwa marehemu, kumbe heshima ni kumlipia madeni, kutimiza wasia wake usiozidi thuluthi, kisha kumpa kila mrithi haki yake, mwanamke kwa mwanamume. Palipo na mzozo, Mahakama ya Kadhi ipo. Na anayetaka nyumba ibaki na ukoo, njia zipo: aiweke wakfu angali hai na mwenye afya, au mrithi mmoja awanunulie wenziwe mafungu yao kwa thamani ya haki, mapema, kabla wenye haki hawajazidi na boriti hazijaanguka.

Tuliporudi Mombasa tuliwaita ndugu zetu wote, wake kwa waume, kuhusu kiwanja alichokiacha baba yetu miaka 9 iliyopita. Mazungumzo hayakuwa matamu. Mmoja wetu aliondoka kabla ya chai. Juma lililofuata alirudi, akapiga hodi mlangoni, na tumekubaliana siku ya kwenda kwa Kadhi pamoja.

Nyumba ya Bibi ingali inasubiri sahihi za watu 17. Tumwombee, na tujiulize sisi tunasubiri nini.

Wabillahi tawfiq.