Orodha ya Wauzaji Siyo Dhamana

Wenye maduka wengi nchini, kuanzia Kariakoo hadi miji midogo ya mikoani, siku hizi hutafuta mali katika orodha za wauzaji wa jumla wa nchi za nje, hasa China, na kuagiza kwa watu wasiopata kuonana nao hata mara moja. Jambo hili lina faida, lakini lina hatari ambayo haina budi kutazamwa kwa makini, kwani kinachowekwa rehani ni mtaji wa mtu mdogo.

Zamani tatizo hili halikuwapo. Baada ya 1967 Shirika la Biashara la Taifa (STC) lilishika sehemu kubwa ya biashara ya jumla, na tangu 1973 kazi hiyo ikaangukia makampuni ya biashara ya mikoa (RTC). Mwenye duka hakuwa na wa kuchagua. Shida yake ilikuwa kupata. Masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, mlango ulifunguka. Leo wauzaji ni maelfu, na mzigo wa kumpima kila mmoja umemwangukia mfanyabiashara mwenyewe.

Hatuzipingi orodha hizo. Zimemwezesha mwenye mtaji mdogo kulinganisha bei bila kufunga safari ya Guangzhou. Lakini lazima ieleweke kwamba mara nyingi muuzaji hulipa ili jina lake liingizwe, na hulipa zaidi ili litangulie. Kutangulia si ushahidi wa uaminifu. Mwaka 2011 kampuni ya Alibaba, yenye orodha mashuhuri kuliko zote, ilikiri kwamba wauzaji zaidi ya 2,300 waliolipia daraja la juu katika orodha hiyo walikuwa wamewatapeli wanunuzi, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wake waliwasaidia kuingia.

Kwa hiyo mwenye duka asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza, aombe namba ya usajili ya muuzaji. Kila kampuni ya China ina namba yenye alama 18, na daftari la serikali ya huko, lililo wazi kwa umma, huonyesha shughuli iliyosajiliwa. Hapo hujulikana kama ni mwenye kiwanda au ni dalali. Pili, jina la akaunti ya benki lilingane na jina la kampuni. Anayetaka fedha zitumwe kwa mtu binafsi na aachwe. Tatu, sampuli itangulie, na salio lisilipwe kabla mzigo haujakaguliwa. Nne, aulize mapema juu ya hati ya ubora. Tangu 2012 Shirika la Viwango (TBS) limeweka utaratibu wa kukagua bidhaa nyingi huko huko zinakotoka, na asiyekuwa na hati anaweza kuukuta mzigo wake umekwama bandarini.

Hata hivyo, hadhari ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Mwenye duka anayeagiza katoni tano hana sauti mbele ya kiwanda. Wenye maduka 20 wakiungana wanaweza kujaza kontena, kumtuma mwenzao akakague mali, na kugawana gharama. Tena, mfanyabiashara aliyetapeliwa leo hunyamaza kwa kuona aibu, na jirani yake wa mlango wa pili hutumbukia katika shimo lile lile.

Tunazitaka jumuiya za wafanyabiashara katika kila mkoa zianzishe daftari lao wenyewe, lenye majina ya wauzaji waliotimiza ahadi na ya wale waliovunja, pamoja na ushahidi wa malipo na mizigo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wafanyabiashara wakubali kusema yaliyowapata, ili hasara ya mmoja iwe kinga ya wengine.